Saa za Mama ni za Nani?



Yeyote apitaye asubuhi mbele ya nyumba ya uzazi hapa Kisangani, siku ya kupima wajawazito, huwaona akina mama wameketi mstari mrefu juu ya mabenchi, kadi mkononi, wakingoja kuitwa. Wengine wamefika kwa miguu tangu alfajiri, wengine kwa toleka, zile baiskeli za abiria ambazo mji wetu wazijua sana. Tumwazie mmoja wao. Mimba yake ina miezi saba. Nyumbani kwake Mangobo ameacha watoto wanne, sufuria ya sombe ambayo haijawekwa motoni, na nguo zinazongoja sabuni. Katika kikapu chake, chini ya chupa ya maji, mna sindano mbili na donge la uzi mweupe wa pamba. Azitoa, aanza kufuma.

Jirani yake amtazama kidogo, kisha amwambia, "Dada, una watoto wanne, una soko, una mume, na tumbo hilo. Wapata wapi nafasi ya kuchezea uzi?"

Mama huyu hakasiriki. Amaliza mstari wake, ahesabu vitanzi, ndipo ajibu, "Nafasi yenyewe ndiyo hii."

Wote wawili wacheka, na foleni yasogea mbele.

Lakini sisi tusicheke upesi. Swali la jirani ni swali la kweli, tena la maadili. Mama mwenye mimba na watoto, je, ana haki ya kutwaa sehemu ya siku yake na kuitumia kwa kazi ambayo hakuna aliyemwamuru? Na ikiwa anayo haki hiyo, nani ampe nafasi? Kwa ufupi twauliza: saa za mama ni za nani?

KOFIA KATIKA NCHI YA JOTO

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Wapo wasemao kwamba kufuma ni kazi ya nchi za baridi, nasi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mtoto wa Kisangani ana haja gani na kofia? Neno hilo lamfaa mtu mzima, halimfai mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mtoto huzaliwa amelowa. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, ngozi yake ni nyembamba, na mafuta chini ya ngozi ni haba. Kwa hiyo joto lamtoka upesi, hasa akiwa amezaliwa kabla ya wakati, au uzito wake haukufika kilo 2.5. Mwili wake wapasa kuwa na joto la digrii 36.5 hadi 37.5. Hewa ya chumba ambayo sisi twaiona ya joto, yeye yaweza kumpoza. Na hapa kwetu, usiku wa mvua, joto la nje huweza kushuka mpaka karibu digrii 20, na upepo wa mtoni huingia kwa nyufa za ukuta.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama yake ngozi kwa ngozi, afunikwe kichwa, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Njia hii ya kumbeba kifuani mtoto aliyezaliwa mdogo ilianzishwa mjini Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu mashine za kuwatia watoto joto zilikuwa hazitoshi. Mama mwenyewe akawa mashine. Kofia na soksi ni wasaidizi wake.

Basi kofia ndogo ina kazi yake, hata ikweta. Lakini tuseme na upande wa pili: mchana wa jua kali, mtoto mzima aliyekomaa hahitaji kofia ndani ya nyumba, akifunikwa mno ataumia kwa joto. Wala nguo ya mtoto isiwe na kamba shingoni, wala kifungo kinacholegea, wala nyuzi ndefu ndani ya soksi ziwezazo kukaza kidole chake.

HESABU YA KOFIA MOJA

Sasa tufanye hesabu, maana mara nyingi twasema "sina nafasi" kabla ya kuhesabu.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa sentimeta 34 au 35 hivi. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimeta 4, vitanzi 22 vyatoa sentimeta 10. Kwa hiyo vitanzi 72 vyatosha, maana kofia hunyumbuka. Mama afuma mistari 36 kwenda juu, kisha apunguza vitanzi kwa mistari kama 10, afunga kilele, na kushona ubavu. Yote pamoja ni mistari 46. Mwenye mkono wa taratibu hutumia dakika 4 kwa mstari mmoja. Jumla ni dakika 184, yaani saa tatu na kidogo.

Saa tatu mfululizo! Mama gani wa watoto wanne atazipata? Lakini dakika 10 zipo: maharagwe yakichemka, mdogo akisinzia, mvua ikiwafungia watu ndani. Zipo hata penye benchi la kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mjamzito aonwe na mhudumu mara 8, na kila mara ina kungoja kwake. Gawanyeni 184 kwa 10: ni vipande 19. Kipande kimoja kwa siku, na kofia yamalizika kabla ya juma la tatu kwisha. Mimba ina majuma 40.

Hesabu hii yatufundisha kuchagua kazi. Mama mwenye mimba asianze blanketi kubwa ambalo litamlaumu kila alitazamapo. Achague kitu kidogo, cha mtindo mmoja usio na mafumbo, ambao vidole vyaujua hata umeme ukikatika. Aiache kazi mwishoni mwa mstari, asiiache katikati. Afunge kipande cha uzi wa rangi mahali alipofika, ili mtoto akilia asipoteze hesabu. Vyombo avitie katika mfuko na kuuweka juu, mbali na mikono ya watoto. Asiye na fedha za uzi hufumua sweta kuukuu ya mitumba, hukosha uzi wake, na kuutundika ukauke na kijiwe chini yake ili unyooke. Asiye na sindano huchonga mwanzi na kuusugua mpaka uwe laini. Wapo watumiao hata spoku za baiskeli, nazo baiskeli zilizokufa hazikosi Kisangani. Spoku ni nyembamba, basi huko vitanzi lazima viongezwe na uzi uwe mwembamba.

Na mwili una neno lake. Miezi ya kwanza kuna kichefuchefu na usingizi mzito. Anayesinzia na alale. Miezi ya mwisho mikono ya akina mama wengi hufa ganzi. Hapo sindano nazo zilale. Miguu iinuliwe juu ya kigoda. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso ukivimba, au mtoto tumboni akipunguza kucheza kwake, mama asiseme "nimalize mstari huu". Aende kwa mkunga saa ile ile. Twaongeza jambo moja jema. Mama ahangaikaye kutwa nzima pengine hasikii mtoto wake akicheza tumboni. Akiketi kimya dakika 10, amsikia.

KAZI INGOJAYO NA KAZI ISIYONGOJA

Tukizitazama kazi za nyumbani twaona ni za namna mbili. Kuna kazi zisizongoja: wali juu ya moto, mtoto mwenye homa, mgeni mlangoni. Ukiziacha, zaharibika. Na kuna kazi zingojazo: ukiziacha jioni, asubuhi wazikuta pale pale, wala hazikununii.

Siku ya mama karibu yote imeshikwa na kazi za namna ya kwanza. Tena kazi hizo zina ugumu mwingine: zikiisha, hazionekani. Sombe imeliwa. Nguo zimechafuka tena. Sakafu iliyofagiwa imekanyagwa kwa matope. Jioni mama atazama nyuma, amechoka sana, wala haoni alichofanya. Wengi wetu hatujui uchungu huo, kwa sababu kazi zetu huacha alama: seremala huacha kiti, mwalimu huacha daftari zilizosahihishwa, mwashi huacha ukuta.

Kofia haifumuki usiku. Mistari miwili ya leo yakaa juu ya mistari miwili ya jana, na mama aweza kuigusa kwa kidole na kusema, hapa nilifika siku ile ya mvua. Apata ushahidi wa macho kwamba siku zake hazikumezwa zote. Je, hilo ni jambo dogo? Sisi twaona si dogo. Mtu aliyeumbwa na akili na mikono ana haja ya kuona kitu kikitoka mikononi mwake na kubaki.

Tuwatazame Wagenia pale penye maporomoko. Hakuna hata mmoja wao aliyeusimamisha mto Kongo. Walisimamisha miti mikubwa katikati ya miamba, wakafunga vikapu vyenye umbo la pembe, mdomo ukielekea maji yanayokimbia. Maji yapita, samaki wabaki. Mama naye hawezi kuisimamisha siku yake. Akingoja itulie ndipo aanze, hataanza kamwe. Ahitaji kikapu kidogo cha kuweka katika mkondo huo huo unaokimbia. Lakini angalieni jambo moja: Mgenia aendapo kuinua kikapu chake, hakuna mtu amwambiaye kwamba anacheza na maji.

UTA ULEGEZWAO

Huenda mtu akasema: Sawa, lakini dakika hizo si afadhali apumzike, au afanye jambo lenye faida zaidi?

Kuna kisa cha zamani alichokiandika Yohane Kasiano katika karne ya 5, kimhusucho Mtume Yohane. Siku moja mwindaji alimkuta mzee huyo akimpapasa kwale kwa upole. Akashangaa kwamba mtu mkuu namna hiyo apoteza wakati kwa kitu kidogo. Yohane akamwuliza kwa nini uta alioushika haukukazwa. Mwindaji akaeleza kwamba uta ukikazwa siku zote hupoteza nguvu, na siku ya kumwona mnyama hautafaa. Mzee akamjibu kwamba ndivyo ilivyo na roho ya mtu. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 13, Mtakatifu Toma wa Akwino alikitumia kisa hicho kufundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kwamba kuipumzisha kwa kiasi ni wema.

Wawindaji wa misitu yetu ya Tshopo hawana haja ya kuelezwa habari za uta. Lakini wangapi kati yao wameona kwamba nyumbani mna uta uliokazwa tangu siku ya arusi?

Basi, kufuma ni kazi au ni pumziko? Kwa mwingine ni pumziko hasa: mikono yashughulika, moyo watulia. Huyo na afume. Kwa mwingine ni mzigo wa kumi juu ya mizigo tisa. Huyo aache bila aibu. Kofia iliyonunuliwa sokoni yamfunika mtoto vile vile, na mapenzi ya mama hayahesabiwi kwa vitanzi. Tumesikitika kuona mahali pengine akina mama wakishindana nani amemfumia mtoto nguo nzuri zaidi ya ubatizo, mpaka fedha ya dawa ikaingia katika uzi. Hapo uta umekazwa upya, kwa kamba nyingine.

SINDANO ZILIZOTOLEWA BADALA YA KITABU

Yatupasa pia kusema kwa uwazi kwamba sindano hizi zina historia katika nchi yetu. Mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville, jina lililobadilishwa mwaka 1966, kufuma kulifundishwa na masista katika misioni. Tena, tangu miaka ya 1930, na zaidi baada ya vita vya 1939–1945, katika miji ya Kongo ya Wabelgiji zilienea nyumba zilizoitwa foyer social. Humo wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kutia viraka, kupiga pasi, kupika, na usafi wa watoto.

Mengi ya hayo yalikuwa mema, na bibi zetu waliyashika wakatufundisha. Lakini pamoja na uzi lilikuja wazo, kwamba elimu ya msichana ni hiyo na yatosha. Ndugu yake alifundishwa Kifaransa na hesabu ili awe karani. Yeye alipewa sindano. Sophie Kanza alihitimu Chuo Kikuu cha Geneva mwaka 1964, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Hebu tazameni miaka hiyo: uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana tangu 1960. Mlango ulikuwa mwembamba kiasi hicho.

Twasema haya ili asitokee mtu wa kulitumia somo letu kwa kumrudisha binti jikoni. Yule mwanamke asifiwaye katika sura ya 31 ya Mithali hushika sufu na kitani, lakini pia hununua shamba, hupanda mizabibu, na hufanya biashara. Sindano ni njema mkononi mwa mtu aliyezichagua. Akifungiwa nazo, zageuka kuwa vyuma vya dirisha.

KUMFUMIA ASIYEZALIWA

Sasa twafika penye swali zito kuliko yote. Wapo wazee wakatazao kumwandalia mtoto nguo kabla hajazaliwa, wakisema ni kumwita balaa. Tusiwacheke. Twadhani katazo hilo lilizaliwa katika uchungu: waliona watoto wengi wasioishi, wakaogopa kubaki na nguo zisizo na mwenyewe. Na mji wetu wajua jinsi mipango ya watu ikatikavyo. Mwaka 1964 damu nyingi ilimwagika hapa. Mwezi wa Juni 2000, kwa muda wa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mitaa yetu, na mamia ya raia wakafa. Siku zile mimba hazikungoja amani.

Je, afumaye kofia ya mtoto asiyezaliwa ajifanya bwana wa kesho? Sisi twatofautisha mambo mawili. Kiburi husema, kesho ni yangu. Tumaini hutenda sehemu ya leo, na kesho huiacha mikononi mwa Mungu.

Mkumbukeni Hana, mama yake Samweli. Alikuwa tasa, akapata mtoto baada ya machozi mengi, akamtoa amtumikie Mungu huko Shilo. Kitabu cha kwanza cha Samweli chasema kwamba kila mwaka alimtengenezea kanzu ndogo na kumpelekea. Mama huyu alikaa miezi mingi bila kumwona mwanawe. Alipoanza kanzu ilimbidi akadirie: mabega yameongezeka kiasi gani? mikono imerefuka wapi? Huenda kanzu nyingine ilimpwaya, nyingine ikambana. Hakuacha kwa sababu hiyo. Ndivyo afanyavyo kila mama afumaye kwa ajili ya kichwa ambacho hajakiona.

Na karibu mwaka 1400, mchoraji Mjerumani aitwaye Bertram aliichora altare ya watawa wa Buxtehude, ambayo leo yatunzwa katika jumba la sanaa la Hamburg. Katika picha mojawapo Bikira Maria ameketi, ana sindano nne, afuma kijikanzu chekundu cha Mwanawe. Karibu kitaisha, amefika shingoni. Yesu mdogo yuko kwenye nyasi na kitabu chake. Nyuma yake waja malaika wawili, nao wamebeba msalaba na mkuki. Mtoto ageuka kuwatazama. Maria hajaziweka chini sindano. Msalaba utakuja siku yake, na leo Mtoto ana haja ya nguo.

Na mtoto asipoishi? Akina mama wengi wasomao ukurasa huu wamepita hapo, nasi twasema nao kwa sauti ya chini. Kofia ile haikufumwa bure. Ilikuwa upendo wa kweli kwa mtu wa kweli. Mama akitaka kumzika mtoto nayo, na amzike nayo. Akitaka kuitunza, aitunze. Akitaka kumpa mtoto wa mwingine, ampe. Lakini asiwepo shangazi, wala jirani, wala mtu yeyote wa kumwambia kwamba kofia ndiyo iliyoleta kifo. Huo ni uongo, tena ni ukatili juu ya mtu aliyekwisha kupigwa.

HAKI YA DAKIKA KUMI

Turudi kwa swali letu: saa za mama ni za nani?

Mtu atajibu upesi kwamba ni za watoto wake na mume wake, maana mama ni mtu wa kujitoa. Neno la kujitoa ni jema, lakini tulifikiri vema. Zawadi ni kile ambacho mtu angeweza kutokitoa. Kitu kisichoweza kukataliwa hakitolewi, huchukuliwa tu. Ikiwa nyumba nzima huchota saa za mama kama maji ya mto, bila kuomba wala kushukuru, basi nyumba hiyo imemnyang'anya hata heshima ya kujitoa kwake. Saa zake amekopeshwa na Mungu kama sisi sote, naye ndiye wa kuzitoa.

Tazameni nyumbani. Baba akirudi kazini ana saa yake ya kuketi, na watoto wajua kunyamaza. Kijana ana saa yake ya mpira. Mama peke yake hana saa ambayo mtu huomba ruhusa kuikata. Na ashikapo sindano ndipo ionekanavyo wazi, kwa sababu kila mmoja aona kazi ile ni ndogo, basi amwita.

Mtoto mchanga aliaye ana haki ya kumkatiza. Mgonjwa ana haki, na mama asemaye "ngoja nimalize" mbele ya mtoto mwenye homa amekosa. Kazi ingojayo imepewa tabia hiyo ili ingoje. Lakini mume atafutaye shati lililo juu ya kamba mbele ya macho yake? Kijana wa miaka 14 aombaye maji, na ndoo iko karibu naye kuliko kwa mama yake? Hao wamekatiza kwa haki gani?

Kwa hiyo, baba, mkeo akiwa na mimba, maji na makaa ni mzigo wako. Usiseme kwamba unamsaidia, kana kwamba nyumba ni ya mkeo nawe ni mgeni mwema. Mama mkwe, wewe uliyelea bila dakika 10 za kwako, usimtake mke wa mwanao alipe deni la maisha yako, mpe ulichonyimwa. Watoto wakubwa, mdogo wenu abebeke mgongoni mwenu pia. Tena wavulana na wajifunze kufuma. Katika vyama vya mafundi wa Ulaya ya zamani wafumaji walikuwa wanaume, wala hakuna aliyepungukiwa na kitu. Mvulana aliyefuma kofia moja kwa vipande 19 hatamwuliza tena mama yake kwa nini anachezea uzi.

Nawe mama, usingoje siku tupu, maana siku tupu haiji. Chagua kikapu chako kidogo. Kikiwa ni sindano, vema. Kikiwa ni kitabu, au kuketi tu penye kivuli cha mwembe, ni vema pia. Wala usikihesabu kuwa dhambi kile ambacho hakikumalizika kabla ya kuzaa. Mtoto hatauliza.

Basi, wapenzi wasomaji, jioni ya leo kila nyumba ijiulize kama ndani yake mna dakika 10 za mama, na nani azilindaye.

Yule mama wa benchini ameitwa sasa. Amefika mwisho wa mstari, amefunga kipande cha uzi mwekundu, ameacha kikapu kwa jirani yake, ameingia kupimwa. Akitoka, ataikuta kofia yamngoja. Lakini huko Mangobo jua lapanda, na sombe je, yuko mtu aliyekwisha kuiweka motoni?